Meno ya Kuku Yamo Ardhini: Somo la Kumpatia Kuku Changarawe



Yeyote aliyewahi kumwandaa kuku wa kienyeji jikoni anaifahamu kazi ya kupasua firigisi. Kisu kinapopita katikati hukwaruza kitu kigumu, na ndani hutoka punje zilizosagika nusu, vipande vya majani na vijiwe vidogo. Vijiwe hutupwa, ngozi ya manjano hubanduliwa, kisha firigisi huoshwa ikapikwe kwa heshima ya baba mwenye nyumba au ya mgeni. Ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza vijiwe vile vilifikaje humo, na kuku angekuwaje laiti visingekuwemo.

Swali hilo ndilo msingi wa somo la toleo hili. Katika mkoa wetu wa Singida, ambao kuku wake wa kienyeji wanajulikana katika masoko ya nchi nzima, kuku ni akiba ya nyumba. Huuzwa pale daftari la mtoto linapohitajika, au mgonjwa anapotakiwa kupelekwa zahanati. Akikonda bila sababu kujulikana, akiba hiyo huyeyuka mbele ya macho ya mwenyewe. Zipo sababu nyingi za kuku kukonda, na mojawapo ambayo husahaulika ni kukosa changarawe. Tiba yake ni rahisi na haigharimu fedha nyingi. Kinachohitajika ni maarifa na uangalifu kidogo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sasa

Kuku anayezurura hahitaji kufundishwa. Tangu alfajiri huparura ardhi, hudonoa wadudu na mbegu, na kila anapopita humeza vijiwe anavyovihitaji kwa ukubwa anaoutaka. Tabu huanza anapofungiwa.

Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka na alizeti inapochipua, kuku wa jirani huwa chanzo cha ugomvi. Mche mmoja ukifukuliwa hausemwi, lakini mistari mitatu ikifukuliwa shauri hufika kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wakati mwingine kwa mtendaji wa kijiji. Ndiyo maana wafugaji waungwana huwafungia kuku wao kuanzia kupanda hadi kuvuna. Wengine huwafungia mwaka mzima kwa kuhofia wezi, vicheche na magari. Kumfungia kuku ni jambo jema, na tunawapongeza wanaofanya hivyo.

Hata hivyo, wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tuongeze kwamba kuku mwenye kamba mguuni hula kile tu anachokifikia. Siku mfugaji anapofunga mlango wa banda, anaichukua mikononi mwake kazi iliyokuwa ikifanywa na ardhi. Wengi hukumbuka chakula na maji, lakini vijiwe husahaulika.

Afisa mifugo mmoja alitusimulia kisa cha mama mmoja mfugaji ambaye hatutamtaja. Mama huyo aliwafungia kuku wake 20 mvua zilipoanza. Aliwapa mtama mzima, mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti na makombo ya nyumbani. Hakuwa mchoyo hata kidogo. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tatu akaanza kuona punje nzima za mtama katika kinyesi, na kuku kadhaa wakawa wepesi mkononi. Alidhani chakula hakitoshi, akaongeza. Alidhani mtama umeharibika, akaubadilisha. Mwishowe akawapeleka kuku wanne mnadani kwa bei ya kutupa kabla hawajamfia.

Afisa mifugo alipofika alimwomba amwoneshe firigisi ya kuku atakayechinjwa siku hiyo. Ilipopasuliwa ilikutwa na nyasi zilizosokotana kama uzi, punje ambazo hazijaguswa, kifungo cha shati, na vijiwe viwili vilivyolainika mithili ya shanga. Vilikuwa masalia ya siku ambazo kuku yule alikuwa bado akitembea nje. Mama alipewa dawa ya minyoo kwa ajili ya kuku wote, na akaelekezwa namna ya kuweka changarawe bandani. Kabla ya mavuno kuku waliobaki walikuwa wamerudi katika hali nzuri. Kwa kuwa minyoo nayo ilitibiwa, hatuwezi kusema kwamba changarawe peke yake ndiyo iliyowaponya. Tunachoweza kusema ni kwamba chakula kilichoongezwa katika firigisi isiyo na vijiwe kilipita bure, na mtama uliopotea kwa njia hiyo ulikuwa wa watoto wa nyumba ile.

Safari ya punje ndani ya mwili wa kuku

Ili tuelewe umuhimu wa vijiwe, yatupasa tuifuate punje moja ya mtama tangu inapodonolewa.

Kuku hana meno. Punje humezwa nzima na kushukia katika gole, yaani kile kifuko kinachoonekana kuvimba chini ya shingo baada ya kuku kushiba. Gole ni ghala; humo punje hulowana na kulainika, na ndiyo maana kuku asiye na maji ya kutosha hapati faida ya chakula chake. Kutoka hapo punje huingia katika tumbo dogo la mwanzo, ambamo hukutana na majimaji makali ya tindikali yanayoanza kukivunjavunja chakula. Kisha hufika katika firigisi.

Firigisi ni kinu. Kuta zake ni misuli minene, na ndani yake imefunikwa na ile ngozi ngumu ya manjano tunayoibandua jikoni. Misuli hiyo hujikaza na kujilegeza mchana kutwa, na vijiwe vilivyomo husugua punje hadi zikawa uji. Uji huo ndio unaopita katika utumbo, ambako virutubisho huingia katika damu. Punje isiyosagwa hupita kama ilivyoingia.

Vijiwe hivyo navyo huchakaa. Kijiwe chenye kona kali hulainika kidogo kidogo, hupungua, na hatimaye hutoka na kinyesi. Kuku aliye huru hukibadilisha kwa kumeza kingine. Kuku aliyefungiwa hukaa na vile alivyonavyo, na mwili wake huving'ang'ania kwa majuma mengi. Hapo ndipo ulipo mtego wenyewe, kwani upungufu hauonekani wiki ya kwanza wala ya pili. Huonekana baadaye, wakati mfugaji ameshasahau siku aliyofunga mlango, na kwa sababu hiyo hutafuta kosa mahali pengine.

Changarawe na chokaa ni vitu viwili tofauti

Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi, kwa hiyo tunaomba msomaji alizingatie. Mfugaji huambiwa awape kuku vijiwe, naye huwapa maganda ya mayai yaliyopondwa, au unga wa chokaa, akaamini kazi imekwisha. Mwingine huambiwa awape chokaa kwa ajili ya mayai, naye huwamwagia kokoto. Wote wawili wametoa kitu chema kwa kazi isiyo yake.

Changarawe ni vijiwe vigumu visivyoyeyuka katika tindikali ya tumbo. Kazi yake ni kusaga. Chokaa, iwe ya mawe ya chokaa, ya maganda ya mayai au ya magamba ya konokono na chaza, huyeyuka tumboni baada ya muda mfupi. Kazi yake ni kumpatia kuku madini ya kalsiamu kwa ajili ya mifupa na ganda la yai. Kitu kinachoyeyuka hakiwezi kuwa jiwe la kinu.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha nyumbani. Chukua kijiwe kikavu, kiweke juu ya sahani, kisha kikamulie matone machache ya ndimu au siki. Kikitoa povu, hicho ni cha jamii ya chokaa; kiweke katika chombo cha chokaa. Kikikaa kimya, na kama ni kigumu kiasi kwamba hakipondeki kirahisi, hicho chafaa kuwa changarawe. Tindikali ya ndimu inakuonesha kwa macho kile ambacho tindikali ya tumbo la kuku ingekifanya gizani.

Kuku gani anahitaji changarawe

Si kila kuku anaihitaji kwa kiwango kimoja.

Kuku anayezurura katika ardhi yenye vijiwe hujipatia mwenyewe. Hata hivyo, katika maeneo ya mfinyanzi mzito au vumbi laini tupu, si vibaya kumwekea.

Kuku aliyefungiwa na kulishwa punje nzima, mahindi yaliyoparazwa, majani, magugu au makombo anaihitaji bila shaka. Kadiri chakula kinavyokuwa kigumu au chenye nyuzinyuzi, ndivyo kinu kinavyohitaji mawe.

Kuku anayelishwa chakula kamili cha dukani kilichosagwa tayari, pasipo kitu kingine, anaweza kuishi bila changarawe, kwa sababu kazi ya kusaga imekwishafanywa na mashine. Lakini siku mfugaji anapoanza kuongeza mchicha, majani ya mpapai au punje nzima ili kupunguza gharama, hapo changarawe huwa ya lazima.

Vifaranga wanaotembea na mama yao hufundishwa naye kudonoa. Vifaranga walioleleka bandani kwa chakula laini cha kuanzia hawahitaji vijiwe hadi watakapoanza kupewa majani au punje. Siku hiyo ikifika, waanze kwa kiasi kidogo sana cha vijiwe vidogo.

Ukubwa unaofaa

Hatuhitaji rula, kwa kuwa nafaka zetu zenyewe ni vipimo.

Kwa vifaranga, kijiwe kisizidi punje ya ulezi, yaani milimita 1 hadi 2. Kwa kuku wanaokua, kuanzia takriban miezi miwili, kijiwe kilingane na punje ya mtama, milimita 3 hadi 4. Kwa mitetea na majogoo wakubwa, kijiwe kiwe kati ya punje ya mtama na punje ya mbaazi, milimita 4 hadi 6.

Mchanga laini kama wa kupigia lipu haufai, kwa sababu hupita tumboni bila kufanya kazi. Vivyo hivyo, kokoto za zege ni kubwa mno na kuku hatazigusa. Kinachotafutwa ni kile kinachobaki kati ya hivyo viwili.

Mahali pa kuzipata, na mahali pa kuepuka

Singida ni nchi ya matale. Miamba ile mikubwa inayozunguka mji na kutapakaa vijijini ni jiwe gumu lisiloyeyuka katika tindikali, na ni miongoni mwa mawe bora kabisa kwa firigisi ya kuku. Wapo watu katika nchi nyingine wanaonunua matale yaliyopondwa, yakiwa yamefungwa katika mifuko, kwa ajili ya kuku wao. Sisi tunayakanyaga kila siku.

Chanzo cha kwanza ni sehemu za wavunja kokoto. Baada ya kokoto za zege kutengwa, hubaki chenga ndogo ambazo mara nyingi hazina mnunuzi. Omba au nunua ndoo moja kwa makubaliano na mwenye kazi; usichukue bila ruhusa, kwani lile ni jasho la mtu.

Chanzo cha pili ni mchanga mkavu wa makorongo na mito ya msimu. Ukichekechwa, ile sehemu ya chembe kubwa inayobaki juu ya chekeche ndiyo tunayoihitaji.

Chanzo cha tatu ni duka la pembejeo za mifugo, pale linapouza changarawe za kuku. Muulize muuzaji bayana: je, hizi ni za kusagia au ni chokaa? Asipojua, tumia ndimu.

Yapo mahali ambapo vijiwe visichukuliwe kamwe.

Usichukue kando ya barabara kuu, mbele ya gereji wala penye mafundi wa betri. Ardhi hiyo huwa na oili, vipande vya chuma na madini ya risasi. Kipande cha risasi kikiingia katika firigisi husagwa kama punje, huingia katika damu ya kuku, na sumu yake huweza kufika hadi katika yai analokula mtoto.

Usichukue marudio ya machimbo ya dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na zebaki ni sumu kwa kuku na kwa binadamu.

Usichukue ufukoni mwa maziwa ya chumvi, yakiwemo Singidani na Kindai. Kuku hastahimili chumvi nyingi. Humletea kiu kali, kuharisha, na hata kifo.

Usichukue masalia ya zege au mchanga uliokwisha kuchanganywa na saruji, wala ardhi ya jalalani yenye vioo na misumari. Wapo wanaodai kwamba vioo vilivyopondwa husaga vizuri. Usithubutu, chupa ni hatari kwa kuku na kwa mkono wa mama atakayeipasua firigisi.

Usichukue mahali walipokuwa wakikaa kuku wagonjwa, au walipofukiwa waliokufa.

Mkaa na majivu navyo si changarawe. Mkaa ni laini na hupondeka mara moja. Majivu yana kazi yake nyingine njema, nayo ni kuku kujigaragaza humo ili kupunguza chawa na utitiri.

Namna ya kuandaa, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Nyunyizia chenga maji kidogo kabla ya kuzichota, na ufunge kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la matale linapovutwa mara kwa mara hudhuru mapafu.

Hatua ya pili ni kuchekecha. Chukua kipande cha bati na ukitoboe kwa msumari wa inchi nne hadi punje ya mbaazi iweze kupita kwa shida. Kila kisichopita ni kikubwa, kitenge. Kilichopita kichekeche tena kwa wavu wa dirishani unaozuia mbu. Kinachoanguka chini ni vumbi na mchanga laini, kitupe. Kinachobaki juu ya wavu ndicho changarawe. Kwa ajili ya vifaranga, chagua zile ndogo kabisa zilizobaki.

Hatua ya tatu ni kuosha. Tia changarawe katika ndoo, mimina maji, koroga kwa mti, mwaga maji machafu, na urudie hadi maji yatoke meupe. Kama una wasiwasi kwamba kuku wengine wamepita mahali ulipozichukua, zimwagie maji yanayochemka, kwa kuwa mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara damu huweza kusafiri na udongo.

Hatua ya nne ni kukausha. Zianike juani juu ya turubai au bati safi, kisha zipitie kwa macho na kuondoa kipande chochote cha chuma, kioo au plastiki.

Hatua ya tano ni kuhifadhi. Ziweke katika kopo lenye mfuniko, mbali na dawa za mashambani na mbolea.

Kuku mmoja mkubwa hatumii zaidi ya kiganja kimoja kwa mwezi. Sado moja ya changarawe safi huwatosha kuku 20 kwa msimu mzima wa kilimo, hata tukihesabu zitakazomwagika. Kwa hiyo kazi ya asubuhi moja hutosha kwa miezi sita.

Namna ya kuwapa

Changarawe huwekwa katika chombo chake chenyewe, nje ya chakula. Ukizichanganya na chakula unamlazimisha kuku ameze hata asipohitaji, ilhali akiachiwa mwenyewe hujua kiasi chake. Kopo lililokatwa, kibuyu kilichopasuliwa au kipande cha dumu la lita tano hufaa. Kifunge katika ukuta wa banda, usawa wa mgongo wa kuku, ili kisipinduliwe wala kuchafuliwa kwa kinyesi. Kiwe mahali pakavu, na kila wiki kimwagwe vumbi na kuongezwa.

Tahadhari moja ni muhimu. Kuku aliyekaa miezi mingi bila vijiwe anaweza kuvifakamia siku ya kwanza hadi tumbo likaziba. Mpe kwanza kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila kuku mkubwa, akiwa amekwisha kula na kunywa. Fanya hivyo kwa siku tatu au nne, ndipo uache chombo wazi muda wote. Mbinu hiyohiyo itumike kwa vifaranga, ila kwao kiasi kiwe ncha tu ya kijiko.

Mitetea na chombo cha pili

Kwa mitetea inayotaga, weka chombo cha pili chenye chokaa, kando ya kile cha changarawe. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Mtetea asipoipata katika chakula huikopa katika mifupa yake. Na deni hilo lisipolipwa, mayai huwa na ganda jembamba, kisha mtetea mwenyewe hudhoofika miguu.

Maganda ya mayai ya nyumbani yanafaa. Yaoshe, yakaushe juani au karibu na jiko, kisha uyaponde katika vipande vidogo ambavyo havifanani tena na yai, ili kuku wasijifunze kula mayai yao. Chokaa ya mifugo ya dukani nayo ni nzuri. Isichanganywe na chokaa ya kupakia ukuta, ambayo ni kali na huunguza.

Vifaranga, kuku wanaokua na majogoo wasilazimishwe kula chokaa nyingi kwa kuchanganyiwa katika chakula. Kalsiamu iliyozidi hudhuru figo za kuku asiyetaga. Chombo cha pembeni hutatua jambo hili, kwa kuwa mtetea mwenye haja hukiendea, na asiye na haja hupita.

Jinsi ya kujua kama kinu kinafanya kazi

Mfugaji anaweza kujipimia mwenyewe kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kutazama kinyesi. Punje nzima zikionekana mara kwa mara, jua kwamba hazisagwi.

Njia ya pili ni kugusa gole alfajiri, kabla ya kulisha. Gole la kuku mwenye afya huwa tupu wakati huo. Likiwa limejaa na ni gumu kama mpira, chakula kimekwama.

Njia ya tatu ni firigisi yenyewe. Kila unapochinja, usiitupe nafasi hiyo. Hesabu vijiwe, vitazame kama bado vina kona au vimelainika kama shanga, na utazame kama misuli ni minene na imara. Firigisi moja inayopasuliwa kwa makini hukupa taarifa ya banda zima.

Tunapenda pia kutoa onyo. Changarawe haitibu ugonjwa. Kuku anayekonda huku kilemba kikipauka anaweza kuwa na minyoo. Kuku anayehara kijani, kupinda shingo au kuhema kwa shida anaweza kuwa na mdondo, maradhi yanayoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na ambayo kinga yake ni chanjo inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiona dalili hizo, usisubiri kuona kama vijiwe vitasaidia. Mtenge kuku mgonjwa na umwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Ushauri wake ni huduma ya umma na haulipiwi. Dawa na chanjo ndizo zenye gharama yake.

Hitimisho

Somo hili lina jambo moja la kukumbukwa: anayemfungia kuku ameifunga pia njia yake ya kuyafikia meno yake, na wajibu wa kumrudishia ni wa mfugaji. Matale yamejaa katika ardhi yetu, chekeche hutengenezwa kwa bati na msumari, na ndimu hupatikana sokoni. Mfugaji atakayetenga asubuhi moja kabla ya mvua kuanza atakuwa ameulinda mtama wake, kuku wake na ujirani wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini upungufu wa changarawe hauonekani katika wiki za mwanzo za kumfungia kuku?
2. Umepewa vijiwe vyeupe na hujui kama ni changarawe au chokaa. Utafanya nini?
3. Taja mahali patatu ambapo vijiwe visichukuliwe, na ueleze sababu ya kila mahali.
4. Kuku wako wamefungiwa kwa miezi minne bila vijiwe. Utaanzaje kuwapa, na kwa nini usiwaachie chombo wazi siku ya kwanza?
5. Katika firigisi ya kuku uliyemchinja hivi karibuni, ulikuta vijiwe vingapi, na vilikuwa vya namna gani?

Majibu ya maswali manne ya kwanza yamo katika somo. Jibu la swali la tano limo jikoni kwako. Tunawaomba wafugaji waje na majibu hayo katika mkutano ujao wa kijiji au mtaa, ili afisa mifugo wa kata apate kuyajadili pamoja nanyi.

Limeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, kwa ushauri wa wataalamu wa mifugo wa Halmashauri.